Vitabu vya sauti vya bure kwa watoto wadogo: namna ya kuchagua, kupakua na kusikiliza nao

Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mdogo wake miaka 4, na tunakaa mtaa wa Langoni, Lamu mjini. Baina ya Magharibi na wakati wa kulala kuna kama saa moja ambayo zamani ilikuwa ya bibi na hadithi zake. Siku hizi nyumba nyingi saa hiyo imechukuliwa na kioo cha simu. Kwangu nimeirudisha kwa vitabu vya sauti, yaani vitabu vya watoto vya zamani vilivyosomwa na kurekodiwa, ambavyo mtu hupakua bila kulipa hata senti. Imenichukua miaka miwili kujua kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha. Haya ninayoandika ni kwa mzazi, mlezi au mwalimu wa nasari anayetaka kuanza leo usiku.

Nianze na kosa langu. Nilipakua mkusanyo mzima wa hadithi za ndugu wawili wa Kijerumani, akina Grimm, kwa kuwa jina ni kubwa na kila mtu anazisifu. Nikaweka kwenye spika, nikawaacha watoto mkekani, nikaenda jikoni kukanda unga wa chapati. Niliporudi mkubwa ameziba masikio kwa viganja viwili. Msomaji alikuwa amefika kwenye hadithi ya mama wa kambo anayembamizia mtoto mfuniko wa sanduku mpaka kichwa kikakatika, kisha akampika mchuzi. Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha shule kilitosha. "Mama, yule mtoto kapikwa?" Usiku ule hakulala mpaka nimlaze mimi. Baadaye nikajua kwamba tangu mkusanyo huo ulipotoka mara ya kwanza mwaka 1812, wapo waliolalamika kuwa baadhi ya hadithi zake hazifai watoto. Kitabu hakikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyewasikilizisha watoto kitu ambacho sikukisikiliza kwanza.

Jua hiyo "bure" ni bure ya namna gani

Kitu kuwa mtandaoni na kuchezeka bila malipo hakukifanyi kuwa halali. Kitabu huwa cha watu wote pale muda wa hakimiliki unapokwisha. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, muda huo ni miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Uingereza ni miaka 70. Marekani, kwa vitabu vya zamani, huhesabiwa miaka 95 tangu kitabu kilipochapishwa. Ndiyo maana kitabu kimoja huweza kuwa huru nchi moja na kikawa bado kimefungwa nchi nyingine.

Kuna mtego hapa ambao wengi huuingia. Hadithi yenyewe inaweza kuwa ya kale kabisa, kama zile za Aesop, msimulizi wa Ugiriki ya kale, lakini tafsiri iliyofanywa juzi ina mwenyewe, na sauti iliyorekodiwa juzi pia ina mwenyewe. Kwa hiyo uliza mambo matatu: maandishi ni huru? Tafsiri ni huru? Rekodi ni huru? Tovuti nzuri hukujibu yote matatu waziwazi kwenye ukurasa wa kitabu. Ukikuta tovuti haisemi lolote, na imejaa matangazo yanayorukaruka, ondoka.

Mahali pa kutafuta

Ghala kubwa ni LibriVox. Ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire, mtu wa Montreal, Kanada, na kazi yote hufanywa na watu wa kujitolea: mtu anakaa kwake na maikrofoni, anasoma, anaituma. Wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, na rekodi zao wenyewe wameziachia watu wote. Unaruhusiwa kunakili, kukata, kugawa, hata kucheza darasani. Faili zenyewe huhifadhiwa kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Tovuti ya LibriVox haina matangazo, ila programu nyingi za simu zinazochukua vitabu vyake zimetengenezwa na watu wengine na baadhi hubeba matangazo. Kwa mtoto wa miaka 4 mimi sitaki tangazo lolote, basi napakua kutoka kwenye tovuti moja kwa moja.

Kwa Kiswahili, LibriVox ina haba sana. Pa kwenda ni tovuti ya Storybooks Kenya, iliyochukua hadithi 40 za African Storybook, mradi wa Afrika ya Kusini wa vitabu vya picha vyenye leseni huria, ikaziweka kwa lugha zetu pamoja na sauti. Ni hadithi fupi zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia zile za sentensi moja kila ukurasa. Hizi si vitabu vya kale, lakini kwa mtoto anayeanza kuzoea kusikiliza ndizo ngazi ya kwanza.

Chagua msomaji kabla ya kitabu

Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, na ningetamani mtu angeniambia mapema. Mtoto mdogo haelewi sifa ya kitabu. Anamsikia mtu anayezungumza naye, na akimpenda mtu huyo atamfuata mpaka mwisho wa hadithi asiyoielewa nusu. Asipompenda, hata hadithi bora duniani itamwinua mkekani baada ya dakika mbili.

LibriVox humkubali kila anayejitolea. Wapo wasikilizaji wa kuhakiki wanaoangalia kama kuna maneno yaliyorukwa au makelele, lakini hawamhukumu mtu kwa lafudhi yake wala kwa namna anavyosoma. Ni jambo la heshima kwa wasomaji. Kwako mzazi maana yake ni kwamba kazi ya kuchuja ni yako. Kitabu kilekile utakikuta kimerekodiwa mara tatu, nne, hata zaidi, kila mara na mtu mwingine. Usichukue ya kwanza uliyoikuta.

Mimi hufanya hivi. Nafungua rekodi mbili au tatu za kitabu kimoja. Kila moja naisikiliza dakika tatu, lakini si mwanzoni. Mwanzoni kila msomaji ni mwangalifu. Naruka mpaka katikati ya sura ya pili au ya tatu, mahali pa mazungumzo, ndipo mtu anapojionyesha. Nasikiliza: je, anapumua kati ya sentensi, au anakimbia kama anayesomea mtihani? Wahusika wawili wakizungumza, najua nani ni nani bila kuangalia maandishi? Anapofika pa kuchekesha, sauti yake inatabasamu? Kuna mvumo wa feni au mwangwi wa chumba kitupu nyuma yake? Mvumo ambao kwenye simu hausikiki sana, kwenye spika ndogo hugeuka kuwa mvua.

Kisha naangalia kama ni msomaji mmoja au kundi. Vitabu vingine kila sura husomwa na mtu mwingine, na ukurasa wa kitabu hukuonyesha majina yao sura kwa sura. Mtu mzima hulivumilia hilo. Watoto wangu hawalivumilii: jana bibi mwenye sauti ya pole, leo kijana anayesema puani, na mdogo anauliza yule bibi kaenda wapi. Kwa hadithi ndefu chukua msomaji mmoja. Kwa mkusanyo wa hadithi fupi kundi si kitu, maana kila hadithi inajitegemea, na unaweza kuchukua zile za msomaji mzuri ukaacha nyingine. Wapo pia waigizaji, kila mhusika na sauti yake, lakini kwa mtoto chini ya miaka 7 anayesikia lugha ya pili sauti nyingi humchanganya.

Ukimpata msomaji mzuri, andika jina lake. Ukilibonyeza kwenye tovuti utaona vitabu vyote alivyosoma. Nusu ya vitabu tulivyo navyo nimevipata kwa kuwafuata wasomaji wawili tu.

Kitabu chenyewe

Urefu kwanza. Mdogo wangu alipoanza aliweza dakika tano, mkubwa kumi. Kwa hiyo kitabu cha mwanzo kiwe kile kinachokwisha kwa kikao kimoja. Hadithi za sungura na wanyama wengine za Beatrix Potter zinafaa sana hapa. Ile ya Peter Rabbit, ya mwaka 1902, haimalizi dakika kumi, na kisa chake mtoto wa Lamu anakijua vizuri: sungura mkaidi kaingia shamba la watu licha ya kuonywa na mama yake, kafukuzwa, kapoteza viatu na koti, karudi nyumbani hoi. Hadithi za Aesop ni fupi zaidi, dakika moja au mbili, lakini kila moja hufungwa kwa funzo. Mimi husimamisha kabla ya funzo na kumwachia mtoto aseme mwenyewe. Majibu yao huwa bora.

Akishazoea, kuanzia kama miaka 6, nenda kwenye kitabu cha sura. Hadithi ya Pinocchio ya Mtaliano Collodi, iliyotoka kitabu mwaka 1883, ina sura fupifupi na kila sura ina balaa lake, kwa hiyo sura moja kila usiku inatosha. Ile ya mchawi wa Oz, ya mwaka 1900, huchukua takriban saa 4 zote. Ile ya Alice, msichana aliyeingia nchi ya maajabu, ya mwaka 1865, watu huiweka mbele kwa sababu ya jina. Mimi naiweka nyuma kabisa: uchekeshaji wake mwingi uko kwenye kucheza na maneno ya Kiingereza, na mtoto ambaye Kiingereza ni cha shule atakaa kama mgeni kwenye harusi asiyomjua bwana wala bibi. Ingoje miaka 9 au 10.

Sasa yaliyomo, na hapa naomba mzazi asipite haraka. Vitabu hivi viliandikwa Ulaya na Marekani wakati wa ukoloni, na vingine vimebeba dharau ya wakati ule juu yetu. Mwandishi Mwingereza Kipling, katika hadithi zake za mwaka 1902 za jinsi wanyama walivyopata maumbile yao, ana kisa cha mtoto wa tembo na mkonga wake ambacho watoto hukipenda mno. Lakini kisa cha chui na madoadoa yake, katika kitabu hichohicho, kina neno la matusi kwa mtu mweusi, na wasomaji wa LibriVox husoma maandishi kama yalivyo. Hadithi ya daktari Dolittle, ya mwaka 1920, ina mwana wa mfalme wa Kiafrika anayeomba ageuzwe mweupe. Sitaki mtoto wangu alisikie hilo akiwa na miaka 5, akiwa amelala, kwa sauti tamu. Siku atakapokuwa mkubwa tutalisikiliza pamoja na kulizungumza. Kwa sasa nafuta faili hiyo na kuacha zilizobaki, na rekodi zikiwa huru hakuna anayenikataza.

Mambo mengine ni ya kila nyumba na uamuzi wake. Hadithi za Kiingereza zina nguruwe wanaojenga nyumba, na zina divai mezani. Mimi sijafuta hizo. Mkubwa aliuliza kuhusu nguruwe, nikamwambia kuna watu wanaofuga, akaridhika. Nyumba ya jirani wangu hawataki, na wana haki yao. La muhimu ni ujue kabla, usije ukashtukizwa mbele ya mtoto.

Lugha, na kile kisa cha kima na papa

Vitabu vingi vya bure ni vya Kiingereza, na watoto wetu wanaota kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Hata rekodi za Kiswahili husema "njoo" na "chini" wakati wangu husema "ndoo" na "tini". Tofauti hiyo ndogo wanaizoea kwa siku mbili. Kiingereza ni safari nyingine, na njia niliyoiona inafaa ni kuanza na hadithi ambayo mtoto tayari anaijua kwa lugha yake.

Na zipo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuwa Unguja, alichapa London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa huko, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1901 George Bateman akachapa Chicago hadithi za aina hiyo kwa Kiingereza chepesi cha watoto, akakiita *Zanzibar Tales*. Kitabu hicho kimesomwa LibriVox. Ni hadithi kumi, na mtoto yeyote wa pwani aliyelelewa na bibi atakuta ndani yake jamaa zake.

Nilianza na ya kima na papa. Kwanza nilimwomba mama yangu awasimulie kwa Kiswahili, Paukwa, Pakawa, kama kawaida yake: kima juu ya mti anamdondoshea papa matunda, papa anambeba mgongoni kumpeleka kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani wao mgonjwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu, ungesema mapema, sisi mioyo yetu huiacha kwenye miti. Kesho yake nikaweka ile ya Kiingereza. Mkubwa alikaa kimya kidogo, mara akaruka: "Ni kima wa bibi! Anazungumza Kizungu!" Kuanzia hapo hakuhitaji mkalimani, maana kila sentensi alikuwa anajua itakwenda wapi. Neno asilolijua lilijieleza lenyewe.

Kisa cha mwalimu Goso ni kizuri zaidi kwa mdogo. Tunda limemwangukia mwalimu, wanafunzi wanamtafuta aliyelidondosha: kusi, kiambaza, panya, paka, kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe, kila mmoja akimsukumia mwenzake, na mlolongo hurudiwa upya kila mara. Bateman aliacha majina ya Kiswahili kwenye Kiingereza chake, kwa hiyo katikati ya Kizungu mtoto anasikia kusi na panya wakitajwa na mdomo wa kigeni, anacheka na kumsahihisha msomaji kwa sauti.

Ukimaliza hapo, daraja la pili lipo tayari. Hadithi za Jataka za Kihindi, kwa Kiingereza cha Ellen Babbitt cha mwaka 1912, zina kisa hichohicho cha kima na moyo wake, ila papa amegeuka mamba. Waache watoto wagundue wenyewe.

Kwa vitabu visivyo na mwenzake wa Kiswahili, simulia kisa chote kwa lugha ya nyumbani kwa dakika mbili kabla ya kubonyeza. Usiogope kumharibia mwisho. Watoto wadogo hupenda kujua. Na kama msomaji ni wa haraka, simu nyingi zinaweza kupunguza mwendo. Punguza kidogo tu, ukizidisha sauti inakuwa ya mlevi.

Kupakua bila kumaliza bando

LibriVox hutoa faili za MP3 za ubora wa 64 na 128 (kilobiti kwa sekunde; namba ikiwa kubwa, faili ni nzito). Chukua 64: saa moja ni kama MB 29, wakati ile ya 128 ni kama MB 58, na kwa sauti ya mtu anayesoma, kwenye spika ndogo, hutasikia tofauti. Usisikilize moja kwa moja mtandaoni kila usiku, maana mtoto atataka hadithi ileile mara kumi na wewe utailipia mara kumi. Pakua mara moja, penye waifai ukiweza, uweke kwenye memori kadi. Kadi ya GB 4 hubeba zaidi ya saa 130.

Nunua spika au redio ndogo ya betri inayosoma kadi, uiache simu chumba kingine. Haina kioo cha kumvuta mtoto, na stima ikipotea hadithi inaendelea. Nyingi ya redio hizi hucheza faili kwa utaratibu ulivyozinakili, si kwa jina, kwa hiyo nakili sura moja moja kwa mpangilio, na uzipe namba 01, 02, 03. Jambo jingine: kila faili ya LibriVox huanza kwa tangazo fupi kwamba hii ni rekodi ya LibriVox. Kwenye hadithi za dakika mbili tangazo hilo humchosha mtoto. Unaruhusiwa kulikata kwa programu yoyote ya kukata sauti.

Visikizi vya masikioni sivitumii kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto mwenye visikizi hupandisha sauti bila wewe kujua. Spika iwe chini kiasi kwamba nikisema neno kwa sauti ya kawaida watoto wanalisikia.

Kikao chenyewe

Kaa nao. Usiku wa kwanza hadi wa saba, kaa nao. Wape mikono kazi: kusokota ukili, kuchora, kupanga kombe za pwani. Mtoto anayelazimishwa kutulia kama msikitini hatasikia kitu. Akiuliza swali, simamisha; akiondoka, mwache aondoke na hadithi iendelee, mara nyingi hurudi kusikia kimetokea nini. Isha ikiadhiniwa tunazima, na huwa ni katikati ya jambo, ndiyo maana kesho wanaikumbusha wenyewe.

Ongeza sauti ya nyumbani

Hadithi za kitabu cha Steere ni za watu wote sasa, Kiswahili chake na Kiingereza chake. Hakuna anayekuzuia kuzisoma na kuzirekodi mwenyewe, na zile ambazo bibi yenu anazijua kwa kichwa hazihitaji kitabu. Tumia simu ya kawaida. Chagua chumba chenye mikeka, mapazia na magodoro, kwa sababu ukumbi wetu wa kuta za mawe una mwangwi. Weka simu shubiri mbili kutoka mdomoni, juu ya mto, uiweke isiite. Mkalishe bibi na mtoto mbele yake, usimwache azungumze na simu, kwa maana sauti yake hubadilika mara moja. Rekodi hadithi moja kwa faili moja.

Mama yangu alirekodi kisa cha punda wa dobi mwezi wa kaskazi, madirisha wazi. Alipofika pale sungura anamshawishi punda arudi tena kwa simba, punda wa kweli akalia kichochoroni chini yetu, kwa kirefu, na mama akangoja mpaka amalize, kisha akasema, "Ehe, ndiye huyo," akaendelea. Nilitaka kuirekodi upya. Watoto walikataa. Sasa kila tukifika hapo wanasogea karibu na spika na kungoja alie.